Harufu ya Moshi kwenye Shati la Shule

Mama mmoja alinijia shuleni asubuhi na mapema, kengele ya kwanza haijagongwa, akiwa na kifurushi alichokifunga kwa kanga. Hakutaka kukaa. Alikifungua juu ya meza yangu, akatoa shati jeupe la mwanawe, akanisogezea. "Mwalimu, hebu nusa mwenyewe." Nikanusa. Kulikuwa na jasho na vumbi la uwanjani, na chini yake moshi wa sigara uliolala kwenye kitambaa usiku kucha. Kijana wake alikuwa kidato cha pili, miaka 15. Mama hakulia wala hakufoka. Alitaka jibu moja tu: "Niambie ukweli, mwalimu. Niogope hii sigara, au niogope hayo mengine?"

Katika miaka niliyofanya kazi ya ushauri nasaha shuleni, sijaulizwa swali zuri kuliko hilo. Mzazi anayegundua mtoto wake anavuta huwa hafikirii mapafu. Saratani iko mbali, ni ya wazee. Anachokiona mbele yake ni bangi, pombe, mimba au UKIMWI, kuacha shule, karandinga la polisi. Hofu hiyo ina msingi, na tafiti za zaidi ya miaka 40 zinaiunga mkono. Lakini namna sigara inavyofungamana na hayo mengine sivyo wengi wetu tunavyodhani, na tukikosea kuielewa tunamsukuma mtoto kulekule tunakokuogopa.

Tuanze na kinachojulikana. Mwaka 1994 ofisi ya Daktari Mkuu wa Marekani ilitoa ripoti nzima kuhusu tumbaku na vijana. Ilionyesha kwamba vijana wanaovuta, wakilinganishwa na wenzao wasiovuta, walikuwa na uwezekano mara 3 zaidi wa kunywa pombe, mara 8 zaidi wa kuvuta bangi, na mara 22 zaidi wa kutumia kokeini. Tangu 1991 nchi hiyo imekuwa ikiwapa wanafunzi wa sekondari dodoso moja linalouliza mambo yote kwa pamoja: sigara, pombe, dawa za kulevya, ngono, ugomvi, kufunga mkanda kwenye gari, hata chakula. Shirika la Afya Duniani nalo lina dodoso la namna hiyo kwa shule za nchi nyingi, na Dar es Salaam ilishiriki mwaka 2006. Faida ya kuuliza yote kwenye karatasi moja ni kwamba unaona mambo yanavyoandamana. Na yanaandamana kweli. Anayevuta akiwa na miaka 14 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa anakunywa, ameshaanza ngono mapema, amepigana, anatoroka vipindi.

Ile namba 22 hunukuliwa sana kwa sababu inatisha, kwa hiyo tuisome polepole. Tuseme kati ya vijana 1,000 wasiovuta, mmoja amewahi kutumia dawa fulani. Mara 22 maana yake kati ya vijana 1,000 wanaovuta, 22 wameitumia. Waliobaki 978 wanavuta sigara na dawa hiyo hawajaigusa. Uwezekano umepanda sana, ndiyo, lakini wengi mno wako salama bado. Mwalimu wa nidhamu anayemkuta mwanafunzi na kipisi cha sigara nyuma ya choo na kutangaza kuwa "huyu tayari ni teja" amemhukumu mmoja wa wale 978.

Kisha kuna swali la nini kinasababisha nini. Jogoo huwika, halafu kunakucha. Hufanya hivyo kila siku na hakosei. Lakini mchinje jogoo leo usiku, kesho jua litachomoza vilevile. Mambo mawili yanaweza kufuatana miaka nenda miaka rudi bila moja kulizaa lingine. Hakuna kitu ndani ya moshi wa sigara kinachomfanya kijana asahau kondomu. Hakuna kemikali ya tumbaku inayomwambia apande bodaboda bila kofia. Kama mambo hayo yanakwenda na sigara, basi kuna kitu kinayaunganisha kwa nyuma, na kitu hicho ndicho tunachopaswa kukitafuta.

Mzizi ulio chini ya udongo

Mwaka 1977 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Jessor na Shirley Jessor, waliweka hoja ambayo hadi leo ni nguzo ya mjadala huu. Walisema tabia hizi za hatari kwa kijana ni kama familia moja. Kijana anayeingia kwenye moja ana sababu zilezile za kuingia kwenye nyingine: hajisikii wa shule, nyumbani hana wa kuzungumza naye, marafiki zake wanaishi hivyo, na kwake sigara au chupa ni tangazo kwamba yeye si mtoto tena. Ukiangalia tabia moja moja huoni kitu. Ukiziweka pamoja unaona kwamba mahitaji yanayotafutwa ni yaleyale.

Mwaka 1998 daktari Vincent Felitti wa San Diego na mwenzake Robert Anda walichapisha utafiti uliochimba chini zaidi. Waliwauliza maelfu ya watu wazima waliyoyapitia utotoni: kupigwa, kutukanwa, kuingiliwa kingono, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi, na mengine ya aina hiyo. Waliopitia aina 4 au zaidi za mateso hayo walikuwa na uwezekano mara 4 hadi 12 zaidi wa kuwa walevi, kutumia dawa za kulevya, kupata sonona au kujaribu kujiua. Kwa sigara ilikuwa mara 2 hadi 4, na kwa magonjwa ya zinaa ilikuwa hivyohivyo. Magonjwa tunayoyatibu kwenye vyumba tofauti vya hospitali yalikuwa yametoka kwenye nyumba moja, miaka 30 nyuma.

Sina budi kukaa kidogo hapa, kwa sababu jambo hili ni letu. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatangazwa 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana wa kike na wa kiume walikuwa wamepigwa ngumi, mateke, mijeledi au kwa namna nyingine. Hao ndio watoto wanaokaa mbele yetu darasani. Unapoona mmoja wao anavuta, usianze na kudhani anatafuta raha. Nikotini hutuliza kwa dakika chache. Pombe husahaulisha kwa saa kadhaa. Mtoto aliyebeba kitu asichoweza kumwambia mtu hupata kwenye vitu hivi dawa ambayo hakuna mtu mzima aliyempa, na akiona ya kwanza haitoshi atajaribu ya pili.

Si kila mvutaji mdogo ana jeraha, lazima niseme. Wapo waliozaliwa na roho ya kujaribu, wanaopenda vitu vya kusisimua. Watoto hao hupanda miti mirefu wakiwa na miaka 6, huogelea mbali na ufukwe wakiwa na 10. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba sehemu ya mwelekeo huu ni ya kurithi. Mtoto wa aina hii ukimkosesha mpira, ngoma, ufundi au mashindano, atajitafutia msisimko mwenyewe.

Ubongo unaoendelea kujengwa

Pamoja na hayo yote, haitakuwa haki kuiachia sigara yenyewe iondoke bila lawama.

Mtu akivuta, nikotini huchukua kama sekunde 10 hadi 20 kufika ubongoni. Pale hufungua mlango wa dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuweka alama kwenye jambo zuri ili tulirudie: chakula, kukumbatiwa, kufunga goli. Kwa mtu mzima hilo tayari ni tatizo. Kwa kijana ni zito zaidi, kwa sababu ubongo wake haujaisha kujengwa. Sehemu za hisia na msisimko hukomaa mapema. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kusema "ngoja kwanza", huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Ni gari lenye injini mpya na breki ambazo fundi bado anazifunga. Ndiyo maana karibu watu 9 kati ya 10 wanaovuta kila siku ukubwani walianza kabla ya kufika miaka 18. Asiyeanza akiwa kijana, mara nyingi hataanza kabisa.

Je, nikotini huuandaa ubongo kwa dawa nyingine? Mwaka 1975 Denise Kandel, mtafiti wa New York, alionyesha kwamba vijana hupita ngazi: bia na mvinyo, kisha sigara na pombe kali, kisha bangi, kisha dawa kali. Ngazi hiyo ikapata jina la lango. Karibu miaka 40 baadaye, yeye na mumewe Eric Kandel, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, waliichukua hoja hiyo maabara. Katika kazi waliyochapisha 2011, waliwapa panya maji yenye nikotini kwa siku 7, kisha wakawapa kokeini. Panya hao waliitikia kokeini kwa nguvu kuliko wale ambao hawakupewa nikotini, na watafiti waliona mabadiliko kwenye jeni inayohusika na uraibu. Walipogeuza mpangilio, kokeini kwanza na nikotini baadaye, athari hiyo haikuonekana. Nikotini ilikuwa imelegeza komeo.

Huo ni ushahidi mzito, ila panya hana kijiwe wala mwalimu wa nidhamu. Na kuna ushahidi wa upande wa pili ambao wapenda hoja ya lango hawautaji. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa nchi 17 uliolinganisha mpangilio huo duniani. Kama lango lingekuwa ndani ya kemikali peke yake, ngazi zingefanana kila mahali. Hazikufanana. Japani na Nigeria, kwa mfano, ni jambo la kawaida kukuta watu waliotumia dawa nyingine bila kupitia bangi kwanza. Mpangilio unafuata kinachopatikana mtaani, kwa bei gani, na jamii inakichukuliaje.

Mimi nasoma ushahidi huu hivi: komeo linaweza kulegezwa na nikotini, lakini mlango unaofunguka ni ule uliopo mtaani kwa kijana huyo. Kwa hiyo ni lazima tuutembelee mtaa.

Kuanzia kwa Mangi hadi kijiweni

Kijana wa sekondari hanunui pakiti. Hana hela hiyo. Ananunua sigara moja, kwa Mangi, yaani duka dogo la mtaani, au kwenye meza ya mchuuzi, na kiberiti cha gesi kinaning'inia hapo kwa kamba ili asihitaji kuwa na chake. Sheria ya Tanzania ya 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Kenya, kwa sheria yake ya 2007, ilikwenda mbali zaidi ikakataza kuuza sigara kwa pakiti yenye chini ya sigara 10, kwa kuelewa kwamba moja moja ndiyo bei ya mtoto. Uganda mwaka 2015 ilipandisha umri hadi 21. Sheria hizo ni nzuri. Tembea nazo sasa hadi dukani jioni, uone.

Pembeni ya sigara moja moja, kwa miaka mingi, zilikuwepo pombe kali za viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vinavyoingia mfuko wa shati. Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Ninakumbuka wazi jinsi madereva wa bodaboda na wanafunzi walivyokuwa wakivichana kwa meno. Sigara na kiroba vilikuwa kwenye meza moja, kwa bei ya sarafu, mbele ya muuzaji yuleyule. Hapo huhitaji jeni wala panya kueleza kwa nini anayevuta anakunywa. Mkono uleule uliofika mezani ulikutana na vyote viwili.

Shisha ilifanya kazi hiyohiyo kwa tabaka jingine. Ilikuja na ladha ya tufaha na mnanaa, makochi, muziki, taa hafifu, na wasichana ambao kamwe wasingeonekana na sigara mdomoni waliishika bila aibu kwa sababu "hii ni matunda tu". Si matunda. Shirika la Afya Duniani limesema kikao kimoja cha shisha kinaweza kumwingizia mtu moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi. Dar es Salaam ilipambana nayo mwaka 2016. Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku Desemba 2017. Ninachotaka uone ni kile kilichoizunguka: usiku wa manane, pombe mezani, wanaume wenye hela na mabinti wa miaka 16, usafiri wa kurudi nyumbani unaomtegemea huyo mwenye hela. Hatari ya UKIMWI na mimba haikutoka kwenye bomba la shisha. Bomba ndilo lililowaketisha pamoja.

Na pwani yetu ina hadithi yake yenye uchungu. Heroini ilipoanza kuenea mitaani miaka ya 1980, Mombasa, Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam, ilikuwa ya kahawia na watu waliivuta. Wengi waliitia ndani ya sigara pamoja na bangi, wakaiita kokteli. Kijana aliyejua kuvuta sigara hakuhitaji kujifunza chochote kipya: kidole kilekile, pumzi ileile, kikundi kilekile. Wapo walioambiwa ni bangi tu, wakaja kugundua arosto ilipowakamata, miili ikiuma na mafua yasiyokatika, kwamba walikuwa wanavutishwa unga. Kuelekea miaka ya 2000 ikaingia heroini nyeupe, inayoyeyuka majini kirahisi, na baadhi wakahama kutoka kwenye moshi hadi kwenye sindano. VVU ikapata njia mpya. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kwa waraibu, na foleni ya asubuhi pale ilikuwa ya watu ambao kama ungewauliza walianzaje, wengi wangeanza simulizi kwa neno moja: fegi.

Sisemi kila fegi inaishia kwenye foleni ile. Nilishasema juu ya wale 978. Nasema sigara humpeleka kijana mahali, na mahali pale pana watu, na watu wale wana vitu vingine mifukoni.

Nguvu ya watu hao imepimwa. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa gari kwenye kompyuta: taa inageuka, ukiendelea unapata pointi zaidi lakini unaweza kugonga. Watu wazima walicheza vilevile, wawe peke yao au na marafiki. Vijana wa miaka 13 hadi 16 wakiwa na marafiki walithubutu hatari takriban mara mbili ya walipokuwa peke yao. Kijana huyohuyo, akili ileile, na anayajua madhara. Ndiyo maana mhadhara wa "sigara ni hatari kwa afya yako" darasani saa 4 asubuhi hauna mkono wa kumzuia saa 2 usiku kijiweni. Alichokisikia asubuhi hajakisahau. Ila anayemtazama sasa hivi ni mwingine.

Kilichotokea Iceland

Kama tabia hizi zina mzizi mmoja, basi ukiugusa mzizi zinapaswa kupungua zote kwa pamoja. Iceland, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Ulaya, kilijaribu. Mwaka 1998, kati ya vijana wake wa miaka 15 na 16, asilimia 42 walikuwa wamelewa ndani ya siku 30 zilizopita. Asilimia 23 walivuta sigara kila siku. Asilimia 17 walikuwa wameshajaribu bangi. Hadi mwaka 2016 namba hizo zilikuwa asilimia 5, 3 na 7.

Hawakufika hapo kwa mabango ya mapafu meusi. Mtafiti Inga Dóra Sigfúsdóttir na wenzake waliwauliza vijana kila mara maisha yao yalivyo, kisha wakarudisha majibu kwa kila shule na kila mtaa ndani ya muda mfupi. Waliona kinachomlinda kijana ni vitu vya kawaida: muda na wazazi wake, hasa siku za kazi, michezo au muziki wenye mwalimu na ratiba, kujisikia shuleni ni kwake, na kutozurura usiku. Basi wakavijenga. Wazazi walikubaliana kwa maandishi, mtaa kwa mtaa, kwamba hakuna atakayeruhusu watoto kulewa nyumbani kwake. Sheria iliwataka wenye miaka 13 hadi 16 wawe ndani baada ya saa 4 usiku wakati wa baridi. Jiji la Reykjavík likaipa kila familia kadi yenye fedha za kumlipia mtoto klabu ya michezo au darasa la muziki, ili umaskini usiwe sababu.

Kwa haki, uvutaji wa vijana ulipungua miaka hiyo katika nchi nyingine za Magharibi pia, kwa hiyo si sifa yote ni ya mpango huo. Na Iceland ina hela ambazo halmashauri zetu hazina. Lakini saa za jioni hazinunuliwi. Uwanja wa mpira wa mchangani tunao. Kwaya tunazo, madrasa tunazo, skauti, vikundi vya ngonjera na sarakasi. Na wazee wetu walijua kitu ambacho watafiti hawa wamekuja kukipima: mtoto wa mwenzio ni wako. Jirani alikuwa na haki ya kukuuliza unatoka wapi saa hii, na ulimjibu kwa adabu. Leo jirani akiuliza anaambiwa hayamhusu. Tumeipoteza kinga hiyo kwa hiari yetu, na ninaiona hasara yake kila muhula.

Shati lile

Nirudi kwa mama. Utaratibu wa shule nyingi unajulikana: mwanafunzi akikutwa na sigara anachapwa mbele ya wenzake, anasimamishwa wiki mbili au zaidi, akirudia anafukuzwa. Ninaelewa hasira iliyo nyuma yake. Wazazi wa watoto wengine wanataka walindwe. Lakini fikiria kwa yale tuliyokwisha kuyaona. Kushikamana na shule ni miongoni mwa vitu vichache vinavyomlinda, na hicho ndicho tunachokata. Tunampa wiki mbili za mchana mtupu, na wanaokuwa huru mchana mtaani ni walewale wa kijiweni. Tunamwongezea kipigo kimoja juu ya vile alivyokwisha kupata. Kisha mwaka ukiisha tunasema, si mnaona, sigara ilimpeleka kwenye bangi. Sehemu ya njia ile tuliitengeneza sisi.

Nilimwambia mama nilichoamini. Kwamba sigara aiogope, kwa sababu kwa kijana wa miaka 15 nikotini hushika haraka. Kwamba hayo mengine asiyaone kama yameshatokea. Na kwamba harufu ile, kwa kadiri ilivyomuumiza, ni taarifa aliyoipata mapema, wakati bangi, ngono na madeni ya kijana vingeweza kukaa miezi bila kunusika. Nikamwomba asimwonyeshe mwanawe shati. Tumuulize kwanza siku yake inakwendaje.

Nilimwita kijana baada ya vipindi. Sikuitaja sigara. Nilimuuliza analala saa ngapi. Akakaa kimya, akazungusha kalamu, kisha akasema, "Saa 7, mwalimu. Wakati mwingine saa 8." Kumbe tangu mjomba wake augue, yeye ndiye aliyekuwa akifunga kibanda cha chipsi stendi kila usiku. Wateja wa saa zile ni madereva wa bodaboda. Walimpenda, walimwita bosi mdogo. Usingizi ulipomzidi mmoja wao alimpa pafu la kwanza ili achangamke. Alikuwa ameshapewa na kiroba cha magendo mara mbili, na mara moja tu kijiti cha bangi ambacho alisema hakukipenda. Alilieleza hili lote bila kulia, kama mtu anayetoa hesabu ya duka. Aliponyamaza aliniuliza kama mama yake atajua.

Familia ilikaa. Binamu yake mwenye miaka 24 akachukua zamu ya usiku, kijana akabaki na kumenya viazi alasiri hadi saa 12. Mwalimu wa michezo, ambaye hakuambiwa kitu, alikuwa anamtafuta golikipa. Tukakubaliana kila Jumatano apite ofisini kwangu, na nikamfundisha niliyoyajua: hamu kali ya sigara hupita baada ya dakika chache, maji na kutembea husaidia, siku za kwanza 3 ni ngumu na usingizi utasumbua. Miezi minne baadaye alikuwa bado anavuta, sigara mbili au tatu kwa wiki, na hilo aliniambia mwenyewe.